Leo Bi Pindo Ameshona?

Mpendwa mshauri, binti yangu, naomba unisaidie na unisaidie upesi, lakini kwanza ujue unaandikiwa na mtu aliyekiongoza kikosi vitani, aliyewapa askari maneno ya siri ambayo adui na redio zake zote hakuyafumbua, na mpaka leo askari wale wakiniona wananipigia saluti. Haya, umeshaniheshimu, sasa niseme ukweli. Vita sijawahi kuvisogelea. Mimi ni fundi viatu, nimesoma mpaka darasa la nne, la tano likanikataa, na sare pekee niliyowahi kuvaa ni aproni ya ngozi. Saluti wananipigia kweli, ila wanapiga huku wanacheka. Maneno ya siri nayo ni ya kweli, na hayo ndiyo yaliyonifikisha kwako.

Mwanangu wa mwisho ni askari. Alipelekwa vitani na kikosi chake, mbali, tukaambiwa tusiulize wapi, na huko walikatazwa kusema kwenye simu mambo ya mapigano, na huku nyumbani ninaye dada yake mkubwa mwenye presha inayopanda hata mlango ukibamizwa, sasa simu ikija nitamuulizaje kijana kama leo amepigwa risasi au hakupigwa, tena simu yenyewe chumbani kwangu haishiki mtandao, inashika mahali pamoja tu, dirishani kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani tunayemwita Bi Pindo.

Huyu Bi Pindo ni mjane, hana mtoto, na jina hilo amelipata kwa sababu ukimsalimia hakutazami usoni, anatazama pindo la suruali yako kwanza halafu anakwambia linafumuka. Cherehani yake ni ile ya chuma ya kukanyaga kwa miguu, ikianza asubuhi ukuta wangu unatetemeka na meno yangu ya bandia yanacheza ngoma ndani ya glasi. Basi siku ya kumuaga kijana ikanijia akili, na ningejua ningeifukuza. Nikamwambia, "Ukipiga simu, kama kuna risasi niulize hivi: baba, leo Bi Pindo ameshona? Kama kumetulia niulize: leo Bi Pindo amepumzika?"

Kijana alicheka mpaka begi likamdondoka begani. "Baba, na ile bunduki ya rashasha inalia vilevile kama cherehani yake."

"Basi hutapata taabu kukariri."

Ikawa hivyo. Simu inaita, nakimbilia dirishani kwa Bi Pindo na kiatu cha mteja mkononi, dada yake nyuma, naweka spika ili kila mtu asikie, na kijana akishanipa shikamoo swali lake la kwanza ni hilohilo, leo Bi Pindo ameshona, na mimi kwa kuwa mdomo wangu hauna kitasa najibu, "Ameshona mwanangu, ameshona mpaka uzi umemwishia," naye anasema, "Hata mimi huku nimemsikia," tunacheka, dada yake anacheka, presha imelala, na Bi Pindo mwenyewe yuko palepale kitini kwake, tepu shingoni, pini mdomoni, anazitema pini kiganjani anasogea kwenye simu. "Mwambie nashona, na kila nikikanyaga namwombea."

Hapo ndipo nilipojifunga kamba, binti yangu. Sikumwambia maana ya lile swali. Yeye akaelewa kama mtu yeyote mwenye moyo angeelewa, kwamba huyu kijana yuko mbele ya bunduki, na kila akipata simu, kabla hajauliza habari za dada yake, anamuulizia yeye. Na mama huyu hana mtu mwingine duniani wa kumuulizia. Akaanza kupita mtaani anatangaza, "Askari wangu leo ameniulizia." Muuza vifungo anajua. Fundi baiskeli anajua. Siku moja kijana aliuliza mara mbili ndani ya simu moja, na mimi sasa najua siku ile ilikuwa siku ya namna gani, lakini Bi Pindo yeye alifuta machozi kwa gauni la mteja na akasema hajawahi kukumbukwa hivyo tangu mumewe afariki.

Kijana amerudi, mzima, viungo vyote viko mahali pake nimevikagua mwenyewe. Na amerudi na filamu. Huko walikuwa na mwenzao wanayemwita Macho, maana alifunga kamera ndogo kwenye kofia yake ya chuma na hakuivua, na wengine walipiga kwa simu zao, waliporudi wakakaa wakaunganisha vipande mpaka ikawa filamu ya vita vyao wenyewe, hakuna mwandishi wala mtangazaji, ni wao wakijipiga wakiwa kazini. Jumamosi hii inaonyeshwa ukumbi wa shule, familia zote zimealikwa. Kijana akaileta nyumbani kwenye kile kidude cha kuchomeka, akaazima kompyuta, tukaitazama mezani kwangu, mimi na yeye.

Mshauri, nilitegemea kuona vita. Nikaona soksi. Wanafua soksi, wanaanika soksi, wanacheza mpira uliofungwa kwa soksi, wanagombana nani kamaliza sukari, Macho anamfuata mende kwa kamera kama anapiga picha ya waziri. Mwanangu, ambaye hapa nyumbani kikombe kikichafuka anakitazama kama hakijui, kule anafagia hema na kukunja blanketi la mwenzake. Nikamwambia hii filamu nitamwonyesha dada yako. Tukacheka. Halafu ndani ya filamu ukatoka mlio, trrr, trrr, na mtu akapiga kelele, "Bi Pindo huyo, laleni!"

Kikosi kizima, binti yangu. Mwanangu aliwaambia mzaha wetu, na wao wakaipa ile bunduki ya upande wa pili jina hilo. Bi Pindo kaanza. Bi Pindo halali leo. Bi Pindo mshenzi, hana hata huruma. Mengine siwezi kuyaandika gazetini, yanamtaja na mama yake mzazi. Mwenzao mmoja wanambeba juu ya turubai, mguu umefungwa shati, na anayembeba anasema, "Bi Pindo kampata." Na kwa muda mrefu kioo hakionyeshi mtu, kinaonyesha udongo tu, karibu sana, sisimizi wanapita, na unasikia pumzi. Nikauliza ni pumzi za nani. Kijana akasema, "Zangu."

Siku ile, yeye akiwa ameulalia ule udongo, yawezekana ndiyo siku niliyomjibu kuwa uzi umemwishia. Tuliache hilo.

Kuna na kipande kimoja anapiga simu nyumbani, wenzake wamemzunguka, na sauti ya Bi Pindo inatokea kwenye spika, mwambie nashona na namwombea, mmoja anauliza, "Huyo ndiye mwenyewe?" na anavua kofia ya chuma, halafu wanarudi kwenye soksi zao.

Sasa nieleze shida yangu ilivyo. Kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu pale ukumbini anayekishona ni Bi Pindo. Ameunganisha mashuka, amekipiga pindo pande zote, amekipiga pasi, na ameomba kiti cha mbele kabisa. Juzi ameniambia, "Nataka niwe karibu, isije ikawa ameniulizia humo ndani nisisikie." Binti yangu, nilimeza pini nami si fundi cherehani.

Na kuna lingine. Tangu kijana arudi, asubuhi cherehani ikianza tu, kikombe kinamtoka mkononi, anatoka nje, anazunguka mtaa mpaka itulie. Bi Pindo amegundua. Akaniita dirishani. "Vitani alikuwa ananiulizia kila mara, amerudi hanitazami. Nimemkosea nini mwanao?" Na mimi, badala ya kumwambia, nikamwambia kijana ana mzio wa vumbi la pamba. Unajua amefanya nini? Ameisukuma cherehani yake mpaka ukuta wa mbali, ile ya chuma, peke yake, na kila asubuhi ananyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiruke. Halafu anauliza dirishani kama leo kijana amepiga chafya.

Nikamkalisha kijana. Nikamwambia, "Mwambie wewe, wewe ndiye uliyekwenda kulitangaza jina."

"Baba, jina ulilitunga wewe."

"Wewe ndiye uliyepigwa risasi."

"Sikupigwa."

"Basi unajisikia vizuri, nenda kamwambie."

"Baba, nimelala chini ya rashasha. Mbele ya yule mama siwezi."

Basi nimewaza njia zangu. Nimewaza kumwomba Macho aweke muziki kila jina linapotajwa, lakini itakuwa muziki mwanzo mpaka mwisho, watu watafikiri ni harusi. Nimewaza kulificha lile shuka Ijumaa, ila mtaa huu kitu kikipotea, hata kijiko, wa kwanza kushukiwa ni mimi. Nimewaza kuumwa tumbo Jumamosi hiyohiyo, Bi Pindo anipeleke zahanati, maana najua atanipeleka. Na nimewaza, usinicheke, kumchumbia Ijumaa jioni, ili Jumamosi awe na sababu ya kunisamehe. Hili la mwisho nimeliwaza hata kabla ya filamu, lakini sasa naona lina manufaa zaidi. Nikichelewa, atakaa kiti cha mbele na gauni jipya, mbele ya mtaa mzima aliouambia habari zake, na atasikia askari wake akimuulizia.

Nisaidie. Na nina fadhili ndogo ninayokudai, nadhani unaikumbuka. Siku ile ya mvua kisigino chako kiling'oka pale mlangoni mwa ofisi yenu, ninapokaa na boksi langu, nikakigongea palepale na wewe mguu mmoja hewani umenishika bega, nikakataa malipo, ukasema, mzee, siku ukiwa na shida usisite. Basi sisiti. Barua hii usiitoe wiki hii. Bi Pindo hununua gazeti lako kila Alhamisi mchana, analikatia paterni za mikono na kola, na kabla hajaweka mkasi anasoma kwanza. Itoe baada ya Jumamosi. Jibu niambie kwa mdomo ukipita, nitakuwa palepale mlangoni, na nitakipiga rangi kisigino chako.

Fundi viatu, jemadari wa uongo


JIBU LA MSHAURI

Shikamoo, mzee wangu. Salamu hiyo ni ya umri wako. Yanayofuata ni ya matendo yako.

Barua yako imenichekesha mpaka mpanga kurasa akaja kuuliza kuna nini, nami nikamsomea, naye akacheka. Tulipofika pale mama wa watu ananyunyiza maji sakafuni, tukaacha kucheka wote wawili. Anasukuma chuma peke yake, kwa sababu wewe umeshindwa kutamka sentensi moja. Mdomo usio na kitasa, ulivyosema mwenyewe, na siku ulipotakiwa kufunguka ukapata kitasa.

Sikiliza. Yale maneno ya siri hayakuwa kosa. Binti yako alilala usingizi, na mwanao akapata kucheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Hata ulipomjibu kuwa uzi umemwishia ulimjibu vizuri, kwa sababu alipiga simu ili akusikie wewe kama ulivyo, na si kusikia mzee analia. Ule udongo usijibebeshe wewe. Kosa lako ni la hapa nyumbani, na ni la juzi: kijana amesharudi, siri imekwisha kazi, na wewe bado unaitumia kujifichia.

Tena umeniandikia jambo kubwa kuliko yote kisha ukalipita mbio kama mtu anayedaiwa. Rudi kidogo kwenye barua yako. Sauti ya huyu mama ilifika kule. Alisema anamwombea mwanao, na askari mmoja akavua kofia ya chuma, vitani, mahali ambapo kofia haivuliwi. Hilo halikuwa neno la siri. Swali la mwanao lilikuwa na maana nyingine, sawa, lakini jibu la Bi Pindo lilikuwa na maana yake yenyewe na liliwafikia. Wewe unaogopa atasikia jina lake kwenye matusi. Mbona huoni kwamba atasikia pia sauti yake?

Sasa ujanja wako. Muziki hapana, filamu ni ya hao vijana na hakuna aliyekupa ruhusa ya kuifanyia marekebisho. Shuka usiliguse. Tumbo lako liache lilivyo, zahanati ina wagonjwa wa kweli. Na uchumba, mzee wangu, nakukataza kabisa kuutumia kama kiraka. Kama unampenda, na naona unampenda, maana umeijua mpaka tepu yake inapokaa, mwambie siku ambayo huna kesi. Ukimchumbia Ijumaa na akasikia filamu Jumamosi, atarudisha uchumba na viatu vyake vyote atavipeleka kwa fundi mwingine.

Utafanya hivi. Utakwenda kwake na mwanao, leo, kabla hajaanza kukata kazi. Dakika za mwanzo hakuna mzaha, hata mmoja, hata ukikupalia. Wewe ndiye utakayeanza, kwa sababu jina ulilitunga wewe, na utasema hivi hivi bila mapambo: tulilichukua jina lako tukalifanya jina la risasi, tukakuacha ufikiri tunakuulizia. Halafu unyamaze. Akikasirika mwache akasirike, usianze kumtuliza ili wewe upumue. Akikutupia mkasi, inama.

Kisha mwache kijana aseme lake. Asiseme mengi. Amweleze kwa nini kikombe kinamtoka mkononi, na kwamba pamba haina kosa lolote. Yule mama atamwelewa haraka kuliko unavyodhani, maana amekuwa akisikiliza hali yake kupitia ukuta. Mwonyesheni kile kipande cha simu, hapohapo mezani kwake, sauti ya chini, kabla ya mtaa mzima kukiona. Baada ya hapo aamue yeye kama Jumamosi atakuja, na kama atakaa mbele au nyuma au asije kabisa na abaki na shuka lake. Msimbembeleze.

Cherehani asiiache, ndiyo inayompa chakula. Mwombeni tu agonge ukuta kabla ya kukanyaga, ili kijana ajue kinachokuja. Na siku akiwa tayari, aingie mwenyewe chumbani kwa Bi Pindo, akae kwenye kile kiti, akanyage kwa miguu yake, auone mlio unakotoka na kitambaa kinachotoka upande wa pili. Lakini mzee, kikombe kinachodondoka kila asubuhi si jambo la fundi viatu wala la mshauri wa gazeti. Kikosini kwao kuna watu waliosomea kuwasikiliza askari waliorudi. Mwambie aende, na mwambie hata yule aliyevua kofia huenda anadondosha vikombe kwake. Waende pamoja.

Na lile swali lisife. Kuanzia wiki hii mwanao akipita pale dirishani amuulize, "Bi Pindo, leo umeshona?" Safari hii awe anataka kujua kama ameshona. Ninyi hammdai kitu. Yeye ndiye anayewadai, na anawadai hilo.

Nimefika kwenye fadhili yako. Kisigino nakikumbuka, na bado kimeshika. Nilitaka kukulipa, nikamwomba mpanga kurasa aiweke barua yako pembeni kabisa, iwe na ukubwa wa kola, mahali mkasi unapofika mwisho. Akaniambia haiwezekani. Umeandika barua ndefu kama suruali ya mtu mrefu, imekula ukurasa mzima, na hakuna mahali Bi Pindo ataweka mkasi asikutane nawe. Kungoja mpaka baada ya Jumamosi nako nimekataa, kwa sababu baada ya Jumamosi hutahitaji ushauri, utahitaji nyumba nyingine ya kupanga.

Kwa hiyo ninachoweza kukupa ni hiki. Gazeti la leo, Alhamisi, limepita hapo mlangoni ulipokaa asubuhi hii, na wewe ni mtu wa kwanza kulisoma. Yeye hulinunua mchana. Asubuhi nzima ni yako, mzee wangu. Rangi ya kisigino iache. Funga boksi, mwamshe kijana, na mfike dirishani kwake kabla ya muuza magazeti.